Besi Husikika Nyuma ya Ukuta

Mazungumzo na vijana wanaojifunza gitaa, pamoja na wazazi wao, Mbeya, Jumamosi alasiri

Mwenyekiti, asante. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwagonile kwa wenyeji, na kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa na Njombe. Wa Njombe najua mpo, maana ni ninyi tu mliokuja Mbeya mwezi wa saba bila makoti. (Kicheko)

Niliombwa nije kuzungumzia maisha ya mwanamuziki. Nikamwambia Mwenyekiti, mimi ni fundi umeme. Akasema basi njoo uzungumzie fundi umeme anayepiga besi baa. Hapo nikakosa pa kutokea.

Jumatatu mpaka Ijumaa mchana natandaza nyaya kwenye nyumba za watu: Uyole, Ilomba, Sae, popote ninapoitwa. Ijumaa usiku na Jumamosi nipo baa, nyuma kabisa, ubavuni mwa dramu, na besi, gitaa la nyuzi nne. Jumapili asubuhi nipo kanisani na gitaa lilelile. Miaka inakaribia thelathini. Sijarekodi wimbo unaopigwa redioni, wala hakuna aliyenipigia simu kutoka Dar es Salaam. Wazazi mliokuja hapa mkiwa na wasiwasi kwamba mtoto akishika gitaa ameacha shule, niangalieni vizuri. Nimesomesha watoto watatu kwa bisibisi na koleo. Besi limenilipia nauli, mishikaki na nyuzi za besi. Na nyuzi zenyewe, tutafika huko, halijazilipia zote.

Nilivyoanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi Iringa, nakaa kwa mjomba, mtaa wa Kihesa. Wakati huo Iringa ilikuwa na Tancut Almasi. Ninyi vijana hamuwezi kuamini, lakini ile ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Kiwanda kina mashine, kina wahasibu, kina na bendi! Na ndivyo nchi ilivyokuwa. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jeshi lilikuwa na bendi, na mashirika vilevile. Mpiga besi alikuwa mwajiriwa, vyombo vya mwajiri, mshahara mwisho wa mwezi. Mashirika yalipoyumba, bendi nyingi zikayumba nayo, ndiyo maana leo mpiga besi wa mkoani ni fundi umeme, ni mwalimu, ni dereva wa bajaji.

Basi Tancut walikuwa wanapiga ukumbini, wale mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, wanaimba, na mimi sina kiingilio. Nikafanya walichofanya watoto wote wasio na kiingilio. Nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikaegemeza mgongo ukutani.

Naomba mnielewe hapa, maana yote niliyokuja kusema yapo pale nyuma ya ukumbi. Sauti za wale mapacha sikuzisikia vizuri. Gitaa la solo lilikuja jembamba, kama mbu aliye nje ya chandarua. Matarumbeta nayo yaliishia ndani na watu waliolipa. Kilichopita kwenye tofali ni besi. Lilipita lote, noti kwa noti, na sikulisikia kwa masikio tu. Lilinigonga kwenye uti wa mgongo. Nilikuwa nazijua nyimbo nyingi za bendi kutoka Radio Tanzania, kwenye redio ya mjomba ya betri mbili, na siku zote nilidhani nazijua zote. Usiku ule nikagundua kwamba chini ya kila wimbo kulikuwa na mtu mwingine anazungumza, na redio ya mjomba haikuwahi kunitajia habari zake.

Baadaye nilipojifunza umeme nikaelewa kwa nini. Uzi mnene wa besi ukipigwa mtupu unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida ni mara 82, yaani maradufu. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: wimbi moja la uzi ule wa besi lina urefu wa zaidi ya mita nane. Ukumbi huu kutoka kwangu mpaka kwa yule mama wa kitenge cha njano, wimbi moja halijaisha. Kispika cha redio, upana wake kama kisosi, hakiwezi kusukuma kitu cha urefu huo. Na ukuta unaozuia sauti nyembamba, sauti nene kama ile haihangaiki nao sana, inautikisa na kupita. Ndiyo maana ukilala jirani na baa husikii maneno ya wimbo, unasikia du, du-du, du.

Nikarudi nyumbani nikatengeneza gitaa la galoni la mafuta ya kupikia, nyaya za breki za baiskeli. Mjomba akaliangalia akacheka, akasema Wahehe tulikuwa na ligombo kabla ya hayo magaloni yenu. Ligombo, kwa wasiolijua, ni ubao uliochimbwa kama kihori, uzi unapitishwa juu yake mara kadhaa, kila mpito na sauti yake. Mzee mmoja Kihesa alikuwa nalo. Nilikaa naye siku mbili tatu, lakini masikio yangu yalishatekwa, nilikuwa natafuta ule mngurumo wa ukutani tu.

Besi la kweli nilishika miaka mingi baadaye, hapa Mbeya. Gitaa la besi lenye freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, hili tunalolijua, lilianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1951 na mtu anaitwa Leo Fender. Kabla yake mpiga besi alikuwa anabeba lile dude la kusimama, kubwa kuliko yeye. Fender aliliita la kwanza "Precision", kwa sababu freti zinakupa noti kamili bila kubahatisha. Mimi nilibahatisha hata nilipokuwa na freti. Nilikuwa nimeenda kwenye baa moja kurekebisha swichi kubwa. Bendi inafanya mazoezi, mpiga besi kaugua malaria, kiongozi wa bendi ananiona naangalia besi badala ya swichi. "We fundi, unajua?" Nikasema najua kidogo. Nikawa deiwaka.

Deiwaka vijana wanalijua. Ni mwanamuziki wa kuziba pengo, unaitwa leo, unalipwa leo, kesho hatukujui. Mimi ni deiwaka tangu siku ile. Yule mgonjwa alipona, akahamia Morogoro.

Sasa, maisha yenyewe. Watu wanadhani kalenda ya bendi ni sikukuu. Kwa huku kwetu kalenda ya bendi ni mazao. Mpunga ukivunwa Usangu, tupo Igurusi na Chimala. Kahawa ikianza kulipwa Mbozi, tupo Vwawa na Mlowo. Kyela ni mpunga na kakao. Mafinga ni mbao, na mbao hazina msimu, ndiyo maana wapiga besi wa Mafinga wana viatu vizuri kuliko mimi. (Kicheko) Mwezi wa pili, watu wako shambani na ada za shule zimeshamaliza hela, unaweza kupiga chemko, ile sehemu ya wimbo ya kuinua watu kucheza, mpaka dramu ichanike, ukumbini mna watu sita, na wawili ni walinzi.

Na mpiga besi ndiye wa kwanza kuliona hilo. Mwimbaji anaangalia wanaomtunza. Mpiga solo anaangalia vidole vyake, au msichana. Mimi nimesimama nyuma, naona mlango, naona kaunta, naona wahudumu wanavyotembea, na zaidi ya yote naona miguu. Wimbo wetu wa dansi una sehemu mbili, mnajua. Kwanza watu wanaimbiwa, wanakunywa, wanaongea. Halafu chemko. Watu wanadhani chemko linaanzishwa na mpiga solo. Solo linatangaza tu. Mimi nikiona miguu chini ya meza imeanza kugonga, nabadilisha mwendo wa besi kidogo, napunguza noti, naacha shimo pale ambapo mguu unataka kukanyaga. Mtu haelewi kwa nini amesimama. Anafikiri ni bia.

Kuacha shimo ni kitu kigumu kuwafundisha vijana. Mnapenda kujaza. Gitaa la ridhimu linajaza, tumba zinajaza, solo la kwanza na la pili yanajibizana juu yake. Besi likijaza na lenyewe, mchezaji hana pa kuweka mguu.

Niseme habari za umeme, maana nikiondoka bila kusema nitakuwa nimewakosea kama fundi. Baa nyingi nilizopiga hazina waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Umeshika nyuzi za chuma za gitaa kwa mikono miwili, unasogea kwenye maiki kuitikia kiitikio, mdomo unagusa, unapigwa shoti ya meno. Wengi wanacheka wakipigwa. Nawaambia kama fundi, si jambo la kucheka, kuna siku inaua. Mimi natembea na testa mfukoni. Kabla sijatoa gitaa kwenye begi napima soketi, napima maiki, na kama mwenye baa amekasirika ninavyomfungulia soketi zake, akasirike.

Kuna usiku mmoja Chimala, jenereta. Kifaa changu cha kutuni, yaani cha kuweka nyuzi kwenye sauti yake sahihi, betri imekufa. Amplifaya inanguruma kama inavyonguruma siku zote, nikasema, ngoja. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye besi, freti ya tatu ya uzi mnene, ni mara 49. Ni majirani wa kupeana chumvi. Nikatuni kwa mngurumo wa amplifaya, nikashusha unywele, nikapata G yangu, na kutoka kwenye G nikapata nyuzi zote. Nilijiona profesa. Wenzangu wakatuni kwangu. Tukapiga nyimbo tatu safi kabisa. Wimbo wa nne, mwenye baa akawasha friji la pili. Jenereta likalemewa, mzunguko ukashuka, taa zikafifia, na ule mngurumo ukateremka taratibu katikati ya wimbo, kutoka juu kidogo ya G mpaka chini yake. Mpiga kinanda, kijana mdogo, akanigeukia na macho makubwa, kumbe anadhani ni mimi nimepotea. Mpaka leo akinikuta mjini ananiuliza, "Kaka, friji hajambo?"

Baridi. Hili la huku kwetu, wa Dar hawalijui. Uzi wa chuma ukipoa unajivuta na sauti inapanda, ukipata joto unalegea na sauti inashuka. Mnatoka Mbeya mgongoni mwa kirikuu, mwezi wa saba, mnafika Makambako na ule upepo wake, vidole vimekuwa ndizi mbichi. Mnatuni nje. Mnaingia ndani, watu mia mbili, jiko la nyama choma, joto. Wimbo wa pili gitaa limeshuka, mwimbaji anawaangalia kwa jicho baya. Ingizeni vyombo ndani, nusu saa vikae, ndipo mtuni. Vidole vishikishe kikombe cha chai ya tangawizi. Chai, nimesema.

Na nyuzi. Nyuzi mpya nne za besi ni posho ya usiku kadhaa, kwa hiyo mtu wa ridhaa habadilishi, anachemsha. Mafuta na jasho vinaingia kwenye mizunguko ya uzi, sauti inakuwa kama unapiga kamba ya katani. Unazifungua, unazitia kwenye maji yanayochemka dakika kumi, unazifuta, unazikausha kabisa zisishike kutu, zinarudi kung'aa kwa wiki kadhaa. Kwa mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, hayafiki 100, ndiyo maana maharage yetu yanakula kuni, lakini kwa besi inatosha: nyuzi nne kwa nyuzi 94. Mara ya kwanza mke wangu alifunua sufuria akaona waya zinatokota. Hakusema kitu. Akafunika, akaenda kwa jirani, na nikasikia kule ng'ambo wanawake wanacheka. Sufuria hiyo sasa ni yangu rasmi.

Hela nitasema kwa kifupi kwa sababu inaniudhi. Tunduma, bendi nzima, usiku mzima. Kule mpakani wanapenda kalindula ya Zambia, na mimi naipenda kwa sababu wenzetu wameupa muziki mzima jina la besi, maana kalindula lenyewe ni gitaa la besi la kutengenezwa kwa mikono. Tukapiga zilipendwa, tukapiga na kalindula. Saa kumi alfajiri mwenye baa akasema wateja hawakunywa vya kutosha. Sisi watu wanane, hakuna malipo. Nilihesabu makreti kwa macho yangu kutoka nyuma kule, najua walikunywa. Tulirudi juu ya magunia ya mahindi, na Jumatatu nilikuwa darini kwa mtu navuta waya nikisinzia. Tangu siku hiyo nusu ya hela inatolewa kabla spika hazijashushwa kwenye gari. Mwenye baa akisema hatumwamini, namwambia sisi tumeshaamini sana.

Na jambo la kutunza. Wateja wanambandika noti mwimbaji kwenye paji la uso, wanampa mpiga solo. Miaka yote hii nimetunzwa mara mbili, na mara moja mtu alikuwa anataka nimpishe njia ya chooni. (Kicheko) Bendi yenye akili ina beseni, kila noti inaingia humo, inagawanywa asubuhi. Kama bendi unayoingia haina beseni, uliza kabla hujaingia.

Kuhusu kanisa, mzee mmoja ameniuliza pale nje tulipokuwa tunasalimiana: mkono uliopiga chemko usiku unapigaje pambio asubuhi? Mzee wangu, ni swali halali na hata mchungaji wangu aliwahi kuniuliza. Nilimjibu kwamba mtu akinywa kwenye baa ninayopiga, besi halijamnywesha, na akisimama kanisani, besi halijamwokoa. Hakuridhika. Lakini hajaniondoa kwenye kwaya, na nadhani sababu ni kwamba hana mpiga besi mwingine.

Sasa narudi ukutani, halafu nakaa.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na baa yetu ya kila Jumamosi, hapahapa mjini, sitaitaja. Ukuta wa nyuma umepakana na nyumba za watu. Mimi nasimama kwenye ukuta huo, spika ya besi ya inchi 18 imeegemezwa hapohapo. Usiku mmoja tunapumzika, anakuja mama mmoja, kajifunga kitenge kichwani, katokea mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. Akamuuliza mhudumu, anayepiga ile du-du ni nani? Akaletwa kwangu. Akanisalimia vizuri, akasema, "Baba, binti yangu ana mtihani wa kidato cha nne Jumatatu. Muziki hausikii. Anachosikia ni wewe."

Fundi umeme mzima, ninayejua hesabu ya mita nane, ninayejua kilichonipata Iringa nyuma ya ukumbi, sikuwahi hata mara moja kufikiria nani ameegemea ukuta wangu. Nilimwomba radhi. Tukaisogeza spika kutoka kwenye ukuta na kona, maana besi likikaa konani linavimba, tukaiinua juu ya makreti mawili matupu ili sakafu isitikisike nalo, na nikapunguza sauti mpaka mpiga dramu akalalamika hanisikii. Nikamwambia asogee. Jumamosi iliyofuata nilipita kwa yule mama kabla ya kupiga, nikamwomba akae sebuleni kwake nami nipige, kijana mmoja akawa anapeleka habari kati yetu: punguza, ongeza, hapo. Tangu hapo kila baa ninayopiga kwa mara ya kwanza namkabidhi mtu gitaa, natoka, nazunguka nyuma, naegemeza mgongo ukutani, nasikiliza.

Na nawaambia siri. Besi la kizembe ndani ya baa linajificha. Kuna dramu, kuna kelele, kuna bia. Nyuma ya ukuta halina pa kujificha. Kule unasikia kila noti uliyoichelewesha, kila shimo ulilolijaza bila sababu.

Kwa hiyo Mwenyekiti, kama unaniruhusu, sitaki maswali kwanza. Kijana wa fulana nyekundu, nimekuona umekuja na besi. Lete, chomeka hapa, soketi nimeshaipima. Piga ule mwendo mliofundishwa wiki hii, wa taratibu, usiongeze kitu. Upande wa kulia wote, na wazazi wa upande huo, naomba msimame. Vaeni makoti, wa Njombe hamna haja. Tokeni kwa mlango ule, zungukeni nyuma ya ukumbi, egemeeni ukuta. Mkishafika gongeni mara mbili.